Kifundo cha Mheshimiwa

Alhamisi hiyo, jua likikaribia kuzama, Mwanatabu alitoka kwake Likoni na chetezo cha ubani mkono wa kulia, chupa ya marashi mkono wa kushoto. Kila Alhamisi alitoka hivyo, tangu mamake alipomwachia kazi ya kutunza mzimu. Pango lenyewe lilikuwa nyuma tu ya nyumba yake, lakini siku hizi ilimbidi auzunguke ukuta wa kampuni ya ujenzi. Ukuta huo wa mawe ulikuwa umemeza shamba la mihogo, kisima, na nusu ya makaburi ya wazee wake. Ndani yake flati zilikuwa zishafika orofa ya nne, na zilizobaki nje zilikuwa nyumba chache za udongo na mabati, yake ikiwa mojawapo.

Leo lakini hakuwa anakwenda kufukiza tu. Asubuhi vijana wa kampuni walibandika karatasi kwenye kila mlango. Jumamosi tingatinga linakuja, kila mtu ahame. Chini ya karatasi kulikuwa na sahihi ya kushuhudia kwamba wakazi wameridhia. Sahihi ya mheshimiwa Jafar, mwakilishi wa wadi.

Jafar! Mtoto wa marehemu dadake, aliyemlea kwa uji wa mtama na viboko vya hapa na pale.

Mwaka wa kampeni Jafar alikuwa na adabu za bwana harusi. Alikuja akapiga magoti kwenye jamvi la mama yake mdogo, akasema, "Mama, mkinipa kiti hiki, hakuna atakayeigusa ardhi hii. Wallahi." Mwanatabu akajifunga leso kiunoni, akapita nyumba hadi nyumba. Alifika hata kwa Roseline, jirani yake mkaanga samaki aliyetoka bara, ambaye aliapa hapigi kura tena maisha yake. "Mimi namjua," Mwanatabu alimwambia. "Ni damu yangu. Akikuangusha, nidai mimi." Roseline akaenda kupanga foleni tangu alfajiri.

Na si hayo tu. Mwanatabu ndiye aliyempeleka Jafar pangoni kuweka nadhiri.

Nadhiri ya hapo ina taratibu zake. Mwenye haja huja na alama ya kile atakachotoa haja ikitimia. Anayeahidi mbuzi huleta manyoya ya mbuzi. Anayeahidi mchele huleta punje. Alama hufungwa kwenye kitambaa cheupe, kifundo kimoja, kikatundikwa kwenye mizizi mdomoni mwa pango. Mtunzaji hugeuka akaziba masikio, kwani hayo ni baina ya mtu na mzimu. Na kifundo hakifunguliwi mpaka siku ya kulipa. Kilichoahidiwa husimamishwa mbele ya pango, kifundo hufunguliwa, deni limekwisha.

Jafar alishinda. Hakurudi kulipa.

"Kama hakumlipa mzimu," Mwanatabu alinong'ona akiinama chini ya mizizi, "basi mzimu na amvue alichompa." Alikuwa amepanga kukifungua kifundo, akitupe alichoahidi Jafar, na kumshtaki kwa mzimu kwa jina la mama aliyemzaa. Mamake Mwanatabu hakuwahi kufanya hivyo. Wala hakuna aliyewahi. Ila hasira zilikuwa zimempanda, na ukitaka kujua, alikuwa na haki ya kukasirika.

Akanusa ubani.

Akatazama chetezo chake. Makaa yalikuwa yamewaka, lakini ubani bado ulikuwa kwenye karatasi, hajautia...

Kule kwenye flati jenereta ilikuwa ikinguruma. Ikazimika. Vyura nao wakanyamaza.

Akakivuta kifundo cha Jafar. Kilikuwa kimekazwa kwa meno. Alihangaika nacho kwa kucha, kikalegea, kitambaa kikafunguka kiganjani mwake.

Hakukuwa na manyoya ya mbuzi. Hakukuwa na mchele.

Kulikuwa na nywele. Kishungi kidogo kilichotolewa kwenye kichana, nyekundu kwa hina, nyeupe mashinani.

Nywele zake.

Akatoa simu, akampigia Jafar.

"Shikamoo, mama," Jafar alijibu. Nyuma yake palikuwa na kelele za watu wanaokula.

"Jafar. Uliahidi nini pangoni?"

Kelele zikapungua. Alikuwa ametoka nje, au amefunga mlango.

"Ushakifungua?"

"Nshakifungua."

"Wewe mwenyewe? Hapo mbele ya pango?"

"Mimi mwenyewe."

Jafar akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia. "Nisamehe, mama. Nilijua singeweza kukuleta kwa mkono wangu. Nilijua utakuja mwenyewe ukikasirika." Kisha akakata.

Mwanatabu alibaki na simu sikioni. Kilichomchoma kwanza haikuwa hofu. Ni kwamba mtoto huyu alizijua hasira zake kiasi hicho, kwa kuwa alikulia mikononi mwake.

Ndani ya pango mtu akakohoa.

Taratibu. Kama mwenye nyumba aliyesikia hodi.

Hakumbuki alivyofika kwake. Alifunga komeo, akakaa sakafuni akisoma kila aya aliyoijua mpaka kukapambazuka. Hakuna kilichokuja. Ijumaa nzima hakuna kilichokuja, na akaanza kujiambia kwamba pengine ni uzee.

Jumamosi tingatinga likaja. Liliangusha banda la samaki la Roseline kwanza, kisha nyumba yake, kisha zote zilizofuata. Watu walipakia magodoro kwenye lori, watoto wakilia. Lilipofika kwa Mwanatabu, tingatinga likasimama. Dereva akachungulia karatasi yake, akageuza.

"Na hii?" Roseline aliuliza.

"Hiyo tumekatazwa. Mheshimiwa amesema ni ya mwenye pango, isiguswe."

Roseline alimtazama Mwanatabu aliyesimama mlangoni. Alikuwa amebeba sufuria lake la kukaangia kichwani, bado linanuka mafuta.

"Kumbe ulikuwa umejipanga," alisema. "Sisi wote tulale nje, wewe ubaki. Ukaja kwangu, ukakula samaki wangu, ukaniambia ni damu yako."

"Roseline, mwanangu, sivyo. Nami nakuja nanyi. Ningojeni."

Alimaanisha. Alichukua bahasha ya vitambulisho na leso mbili, akauacha mlango wazi, akaifuata njia ya kwenda barabarani. Alipofika pale ambapo zamani palikuwa na kisima, miguu ikasimama.

Haikuuma. Ilisimama tu.

Alijaribu kuinua mmoja, kisha wa pili. Alijaribu kurudi nyuma, na hapo miguu ikamtii vizuri, myepesi kama ya msichana. Akaja mbele tena, ikagoma palepale. Watu kwenye lori walimwona akienda mbele, akirudi, akisimama. Akafungua kinywa awaeleze, na harufu ya ubani ikamjaa kooni, asitoke hata neno.

Roseline alingoja kidogo. Kwa haki ya Mungu, alingoja. Kisha akatema mate chini, akapanda, akampa mgongo. Wengine nao wakageuka mmoja mmoja, watu aliowazalisha na kuwaoshea maiti zao, na lori likaondoka.

Mwanatabu alilia pale njiani mpaka sauti ikakauka. Kisha akarudi nyumbani, kwa sababu hakukuwa na upande mwingine wa kwenda.

Miaka tisa alikuwa mjane, akilala peke yake kwenye kitanda cha kamba chenye mto mmoja. Alipoingia chumbani, kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka jeupe asilolijua, limenyunyiziwa marashi.

Mito ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa umebonyea.