Hawajachukuliwa

Mwizi alikuwa ameiba shati moja na kuacha thelathini na tisa.

Inspekta alivaa glavu, akasimama mbele ya ukuta wa ukumbi wa maonyesho na kujizuia kucheka. Alikuwa amewahi kupeleleza wizi wa magari, wa ng'ombe, hata wa jeneza. Wizi wa shati kuukuu lililotundikwa ukutani ulikuwa mpya kwake.

Mashati yale yaliunganishwa bega kwa bega mpaka yakawa pazia refu. Katikati palibaki tundu. Kibandiko cha pembeni kilisema: *Kazi namba 19. Hawajachukuliwa.* Jina la msanii halikuwepo, kwa kuwa majaji wa shindano lile hawaruhusiwi kulijua kabla ya washindi kutangazwa.

"Wanatangazwa lini?"

"Leo saa kumi, afande," alisema msimamizi wa ukumbi, mama aliyekuwa akiikunja na kuikunjua leso yake. "Hii ndiyo iliyokuwa inaongoza. Sasa kanuni zinasema kazi ikiharibika inaondolewa. Binti wa watu nitamwambia nini? Yuko njiani anakuja."

"Nani huingia humu?"

"Mimi na majaji watatu, basi. Jana saa kumi na moja nilifunga mwenyewe. Asubuhi nimefungua mwenyewe, nikakuta hivi."

"Jana kabla ya kufunga uliikagua?"

Mama akainamisha kichwa. "Nilizima taa tu."

Inspekta akasogelea lile tundu. Mama yake mzazi alikuwa fundi cherehani, na macho yake yalijua uzi kabla hayajajua kusoma. Hapakuwa na kitambaa kilichochanwa. Mishono ilikuwa imefumuliwa mmoja mmoja, taratibu, na ncha za uzi zilizobaki zimefungwa vifundo vidogo ili pazia lisiachie.

"Mwizi gani huyu," alinong'ona, "anaiba halafu anakaa kufunga vifundo?"

Akapindua pindo la shati la jirani. Kwa ndani kilikuwa kimeshonwa kipande cheupe chenye maandishi ya wino: *Mwanamume. Hajulikani,* na tarehe. Akapindua la pili. *Mwanamke. Hajulikani.* Hamu ya kucheka ikamtoka yote.

"Mama, majaji waliona huku ndani?"

"Wataonaje? Jaji hagusi kazi, afande. Ni mwiko."

Aliomba fomu zote za kazi namba kumi na tisa, akaketi nazo katika ofisi ya ukumbi. Kila jaji alijaza fomu mbili: moja ya asubuhi, nyingine ya mchana. Za asubuhi zilikuwa na mbwembwe. Mhakiki wa magazeti alikuwa ameandika, "Kejeli kali kuhusu mabinti wasioolewa." Mchongaji vinyago, "Upweke wa zama hizi." Mwenyekiti wa majaji, mzee ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu, aliandika, "Kichekesho kitamu kuhusu dobi na wateja wake wasahaulifu. Kumi juu ya kumi."

Fomu ya Mwalimu ya mchana haikuwa na alama hata moja. Chini kabisa palikuwa na swali ambalo wenzake walilijibu bila kulisoma: *Je, una uhusiano wowote na kazi hii? Ndiyo. Hapana.* Mwalimu hakuweka tiki popote. Kalamu ilikuwa imegusa karatasi, ikaacha doa la wino, ikainuka.

Alianza na mhakiki.

"Jana uliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi. Mimi na mchongaji, kwa gari langu. Muulize."

"Na Mwalimu?"

"Tulitoka naye, akafika getini akarudi. Alisema amesahau miwani."

"Mna ugomvi?"

"Mimi na Mwalimu? Alinifundisha kuchora, afande. Muhula wa kwanza tu akaniambia, 'Wewe huna mkono.' Hiyo ndiyo kauli yake. Ukishaambiwa huna mkono, umekwisha. Nikatupa brashi, nikawa mhakiki." Akacheka, akaona anacheka peke yake, akanyamaza.

Mwalimu aliingia taratibu, koti limefungwa vifungo vyote ingawa chumba kilikuwa na joto. Miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiyo kamba ya miwani umeivaa tangu lini?"

"Miaka kumi sasa. Nilikuwa naisahau kila mahali."

"Kwa hiyo jana hukuisahau."

Mzee akaitazama miwani yake, akaiachia.

"Mwalimu, kabla ya kuchora ulifanya kazi gani?"

"Nilikuwa fundi nguo." Sauti ilikuwa ndogo. "Umeona vifundo."

"Nimeviona."

"Sikutaka kuiharibu kazi ya mtu. Ni kazi nzuri. Nilicheka, mwanangu. Asubuhi nilisimama pale nikacheka, nikaandika ni mambo ya dobi."

"Na mchana?"

Mzee alifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja. Ndani alikuwa amevaa shati la buluu lililopauka, jembamba mno kwa mwili wake. Mfuko wa kifuani ulikuwa na kiraka cha kitambaa cha maua, kilichoshonwa kwa uzi mwekundu.

"Kiraka hiki nilikishona mimi," alisema. "Kalamu ilivuja ikauharibu mfuko. Uzi wa buluu ulikuwa umekwisha, na kitambaa ni cha shuka letu la nyumbani. Jana mchana mwanga wa dirishani uliangukia hapa. Nikagusa. Miaka yote ya ujaji sijawahi kugusa kazi ya mtu. Nikapindua, nikasoma."

"La nani, Mwalimu?"

"La mwanangu."

Inspekta aliweka kalamu chini.

"Aliniletea michoro yake," Mwalimu aliendelea. "Siku nzima alikuwa ameipanga mezani, ananisubiri. Nikaipitia nimesimama. Nikamwambia, 'Huna mkono.' Akakusanya karatasi zake, akatoka amevaa shati hili. Miaka minane. Mama yake ameingia kaburini akiamini yupo mahali. Hata mimi niliamini. Ningejibuje lile swali, mwanangu? Nikiandika ndiyo, basi amekufa. Nikiandika hapana, namkana mara ya pili. Na kazi ikishinda, inasafirishwa, watu wanamtazama wanaandika vichekesho kama mimi. Nikaona bora nimrudishe nyumbani."

Inspekta alimsogezea ile fomu na kalamu. Mzee akaweka tiki kwenye *Ndiyo*, na mbele ya neno *uhusiano* akaandika: *Baba.*

Msanii alifika saa sita, binti mfupi mwenye mikono iliyochakazwa na sabuni. Alikuwa mfuaji wa hospitali, upande wa chumba cha maiti. Nguo za waliozikwa bila ndugu zilikuwa zichomwe, akaziomba. Inspekta alimweleza yote, bila kupunguza wala kuongeza.

"Wewe ndiye mlalamikaji," alimalizia. "Ukitaka, nafungua kesi sasa hivi. Kazi imeharibika, na ushindi huenda umeupoteza."

Binti alimtazama mzee ndani ya lile shati. Alimtazama muda mrefu.

"Sina lalamiko, afande. Lile halikuwa langu, nilikuwa natunza tu. Tundu libaki hivyo hivyo. Huyu ameshachukuliwa."

Akamsogelea Mwalimu, akapiga goti kumwamkia. Kisha akafungua pochi yake.

"Shikamoo, baba. Lilikuja na hii, mfukoni. Nilishindwa kuitupa."

Ilikuwa penseli, imechongwa na kuchongwa mpaka ikabaki fupi kama kifundo cha kidole. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili.

"Aliendelea kuchora," alisema.

"Nadhani, baba."

"Alichora nini?"

"Sijui. Karatasi hazikuwepo. Alikutwa stendi, ana homa kali. Penseli tu."

"Hata moja?"

"Hata moja, baba."

Mzee aliyepitisha hukumu kwa kazi za watu miaka arobaini alivaa miwani yake, akaigeuza ile penseli huku na huku, akitafuta kitu cha kukitazama. Kisha akalia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.