Cherehani Iliyokuwa Ikilia

Kriii. Kriii. Kriii.

Kulikuwa bado giza. Mama alikuwa akikanyaga cherehani bila uzi, kuijaribu tu. Ililia kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Kifundo cha mguu wake kilikuwa kimevimba kwa kukanyaga.

"Mama, bado haijapona?" binti yake aliuliza kutoka kitandani. Alikuwa na miaka minane.

"Lala."

"Na begi bado liko mlangoni?"

Mama aliendelea kukanyaga. Begi lilikuwa pale pale, limefungwa. Ndani mlikuwa na nguo chache za mama na jozi moja ya viatu.

Cherehani ile aliachiwa na marehemu mama yake, na ndiyo iliyowalisha tangu baba wa mtoto aondoke, asirudishe hata salamu. Safari hii shule ilikuwa imempa sare ishirini na nne azishone, ziwe tayari Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano. Alikuwa ameshona sita. Akishindwa, shule haitampa kazi tena. Basi Jumamosi angekwenda mji wa mbali kufanya kazi za ndani, na mtoto abaki kwa bibi yake wa upande wa baba. Nafasi ilikwisha kupatikana.

Si kwamba hakuhangaika. Cherehani ilipoanza kulia, aliitia mafuta ya kupikia. Ikanyamaza siku mbili. Ikalia tena, akaongeza. Kila ikilia, anamimina. Juzi alipaka mpaka mkanda, ule unaotoka gurudumu kubwa la chini kwenda kuzungusha gurudumu dogo la juu. Tangu hapo ikawa ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Juu kuzito, chini mkanda unateleza. Anakanyaga mara tano, sindano inashuka mara moja.

Kulipokucha alimwita jirani yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, fundi wa baiskeli, na mtaa mzima ulimwita Shangazi Spana.

"Shangazi, nisaidie kuibeba hadi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu."

"Imekufa lini?"

"Inakufa kila siku."

Shangazi Spana aliinama. Alipitisha kidole chini ya gurudumu dogo, akakitazama, akakinusa. Kidole kilikuwa na utando wa kahawia, unanata kama gundi.

"Mwanangu, ulitaka kuishona au kuikaanga?"

Mama hakucheka. Alikaa sakafuni, akafunika uso kwa kanga. "Nimechoka, shangazi. Kila ninachofanya ninaharibu. Hata mtoto ninamfokea bure."

Shangazi Spana hakumwambia anyamaze. Alimwachia nafasi alie. Kisha akamgeukia mtoto aliyesimama karibu na begi.

"Wewe, sufuria iliyoungua unaifanyaje?"

"Ninaisugua kwa mchanga."

"Haya, sugua kiganja kwa kiganja. Haraka. Unasikia nini?"

"Joto."

"Viganja vimesuguana. Huko kusuguana ndiko tunakoita msuguano. Neno lenyewe limezaliwa na kusugua, kazi yako ya kila siku jikoni. Ndani ya cherehani chuma kinasugua chuma. Kinapata joto, kinalia, kinalika kidogo kidogo."

"Lakini mimi niliitia mafuta," mama alisema kutoka sakafuni.

"Ya kupikia. Hayo yakikaa yanaganda na kushika vumbi. Badala ya kulainisha, yanakamata. Mashine ina mafuta yake, mepesi, hayagandi upesi."

"Na mkanda? Ule nao niliupaka."

"Hapo ndipo ulipojimaliza. Msuguano si adui kila mahali. Mtoto, ukipita penye sakafu yenye sabuni, inakuwaje?"

"Ninaanguka."

"Kwa sababu unyayo haushiki. Mkanda nao lazima ushike gurudumu, ndipo ulizungushe. Ukiupaka mafuta umeuondolea unyayo."

Mama aliinua uso. Alikuwa amekanyaga cherehani miaka tisa, na hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Walifungua dirisha. Shangazi Spana alikataza jiko lisiwashwe, kwa sababu mafuta ya taa waliyotaka kusafishia hushika moto upesi. Walichovya kitambaa kwenye mafuta hayo, wakafuta kila mahali chuma kinapokutana na chuma. Vitambaa vinne viligeuka vyeusi. Walipokausha, mama alidondosha mafuta ya cherehani aliyopewa na Shangazi Spana, tone moja moja, kwenye vitundu ambavyo siku zote alidhani ni urembo. Mkanda waliupangusa kwa kitambaa kikavu, kisha wakausugua kwa chaki ya kukatia nguo.

Tundu moja lilikuwa limekwisha kulika.

"Hili halitarudi," Shangazi Spana alisema. "Chuma kilicholiwa kimeliwa. Itatikisika kidogo. Itie mafuta kila wiki, matone mawili. Usisubiri ilie."

Mama alikaa. Aliweka mguu kwenye kanyagio, akaogopa kukanyaga. Alipokanyaga, gurudumu lilizunguka, na sindano ikashuka pamoja na mguu.

Mchana mwalimu wa shule ile alikuja. Alikuwa amesikia kwamba cherehani imeharibika, na sare kumi alikwisha kuzipeleka kwa fundi mwingine. Mama aliinamisha kichwa, akarudi kwenye cherehani. Zake zilibaki kumi na nne, pamoja na zile sita alizokwisha kushona. Alishona siku hiyo na kesho yake, kifundo kinamuuma, na mgongo. Alhamisi jioni, sare ya nane, ya mwisho kwake, ilikunjwa juu ya zile sita. Ijumaa mwalimu alirudi, akaikagua mishono, akavuta uzi mmoja, haukukatika. "Muhula ujao uje mapema," alisema, akaondoka nazo.

Mama alibaki amekaa, mkono juu ya gurudumu. Hakuwa na nguvu hata ya kufurahi. Mtoto alikisikiliza chumba; ile kriii haikuwapo tena. Kisha akaliburuta begi kutoka mlangoni mpaka miguuni pa mama.

"Mama, toa nguo zako."