Picha ya Kupimia Taa

“Toka nje uangalie juu.”

Kivuli alikuwa amepiga magoti mbele ya sahani ya nyanya, brashi ya mafuta mkononi, simu kaibana kati ya sikio na bega. Miezi yote hii alikuwa akiisubiri sauti ile. Sasa imekuja, nayo haina hata salamu.

“Pini?”

“Nenda pale kwenye mzunguko wa barabara. Ukishaona, nipigie.”

Simu ikakatika.

“Fundi,” akasema mwenye kiwanda cha nyanya za kopo, “tunapiga picha au tunapika?”

“Nisamehe kidogo, mzee. Nakuja.”

Kivuli alikuwa mpigapicha wa matangazo, wa kujitegemea, yaani mtu asiye na bosi na kwa hiyo ana mabosi kila kona. Leo nyanya, kesho viatu, keshokutwa godoro. Jina la Kivuli alipewa na wenzake kwa sababu ya wembamba wake, na kwa vile kazini hushinda akifukuza vivuli ukutani kama mtu anayefukuza kuku jikoni.

Alitoka na brashi yake ikidondosha mafuta. Kwenye mzunguko, juu ya vichwa vya watu, akamwona.

Uso wa Pini ulikuwa mkubwa kuliko nyumba. Amekaa kwenye kigoda, kitambaa cha kichwa kimelegea, pini mbili zimechomekwa kwenye kola kama kawaida yake. Anamtazama anayemtazama, na midomo iko karibu kucheka. Chini yake maandishi: KARIBU NYUMBANI. Na pembeni, nembo ya kampuni ya majumba.

Picha ile aliifahamu. Aliipiga yeye, wala haikuwa picha ya kuonwa na mtu.

Kazi hiyo ina desturi yake. Kabla mwanamitindo hajafika, lazima mtu akae mahali pake ili mpigapicha aone mwanga unaangukaje. Anayekaa ni yeyote aliye karibu, na picha zake hufutwa siku hiyo hiyo. Aliyekuwa akikaa kwa Kivuli ni Pini, mpambaji wake, fundi wa kuweka povu la sabuni juu ya kahawa na gundi nyeupe kwenye bakuli la maziwa ili kamera iamini. “Kaa hapo nipime taa,” Kivuli angesema, na Pini angeacha matakia yake, akae, amtazame. Miaka ikaenda hivyo. Kivuli hakuwahi kutamka neno lingine la maana kuliko hilo.

Na hiyo kampuni? Ni ile ile iliyopeleka tingatinga kwenye mtaa wa mama yake Pini, asubuhi, masufuria yakiwa bado mekoni. Waliandika kwamba wakazi walijulishwa. Walijulishwa na kishindo. Mama yake Pini aliokoa kitu kimoja tu kizima, mlango wake wa bluu, akausukuma kwenye mkokoteni huku vijana wa kampuni wakimwambia, “Mama, utaufungulia wapi?” Waliosema hivyo wamesahau. Walioambiwa hawajasahau, na wako mahakamani mpaka leo.

Kampuni ilipomwita Kivuli awapigie picha za sebule zao mpya, alimdanganya Pini kwamba ni kazi ya watu wa mapazia. Pini akapanga sebule ya uongo ndani ya studio, akakaa kupimiwa taa, akacheka. Kisha wenye kazi wakaingia na fulana zao zenye nembo.

“Ulijua?” Pini aliuliza.

“Nilijua.”

Akaliweka takia chini taratibu, kama kitu cha kuvunjika, akaondoka. Jioni hiyo Kivuli aliitumia kampuni picha zote kwa hasira, bila kuchambua, apate kumaliza. Ndipo ile ya Pini ilipopita.

Akapiga simu pale pale barabarani.

“Nimeona.”

“Mama hajala tangu jana,” Pini akasema. “Fundi viatu, yule jirani yetu, kamfuata mpaka mlangoni. Kamwambia, ‘Kumbe mwenye nyumba ni binti yako, sisi tunashtaki bure.’”

“Ni ile ya kupimia taa. Ilipita kwa bahati mbaya.”

“Ilipita kutoka wapi? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba zinafutwa.”

Kivuli akaipangusa brashi kwenye suruali.

“Nakuuliza, Kivuli.”

“Sikuweza kuifuta.”

“Hiyo tu?”

“Sijafuta hata moja. Tangu uanze kazi.”

Upande wa pili palisikika pumzi, kisha mlango ukifungwa, kama mtu aliyejitenga na watu wa nyumbani ili asisikike.

“Sikiliza,” sauti ilikuwa imeshuka. “Jumamosi wakazi wanakutana ukumbi wa shule, Jumatatu kesi inasikilizwa. Mama ndiye shahidi wao mkubwa. Amesema bango likiwepo haendi popote, hawezi kusimama mbele ya watu wanaomwona msaliti. Litoe. Na likibaki, usinitafute tena maishani.”

“Na likitoka?”

“Nimesema litoe. Mengine sijasema.”

* * *

Ofisi ya meneja wa matangazo ilikuwa baridi kama duka la nyama. Meneja mwenyewe alikuwa mwanamke mpole, wa kumimina maji kabla hujaomba.

“Kaka, hongera,” alisema. “Tulipitia picha zako zote. Wanamitindo wanaitazama kamera. Huyu peke yake anatazama nyumba yake.”

“Haitazami nyumba.”

“Anatazama nini, basi?”

Kivuli akanywa maji ambayo hakuyaomba.

“Hata hivyo, watu wanampenda. Mlete tuongee, tumfanye sura ya kampuni.”

“Dada, huyo mama yake mlimbomolea.”

“Wakati huo sikuwepo hapa.”

“Kila ninayemuuliza hakuwepo. Tingatinga lilijiendesha lenyewe?”

Meneja akacheka kidogo kwa adabu, akasogeza glasi. “Wewe ndiye uliyetuletea picha.”

“Ndiyo. Kosa ni langu, simsukumii mtu. Lakini yeye hakukubali, si kwa mdomo si kwa sahihi. Bango lisiposhuka kabla ya Jumamosi, hayo ninayokwambia nitayaandika kwa mkono wangu nimpe wakili wa wakazi. Jumatatu jaji atauliza mlipata wapi sura ya mtoto wa shahidi.”

Upole ukamtoka meneja usoni.

“Ukitufanyia hivyo hupati tena kazi hapa. Wala kwa rafiki zetu. Na katika mji huu, rafiki zetu ni wengi.”

“Nitabaki na nyanya, dada. Hazina urafiki na mtu.”

Meneja akainua simu ya mezani, akawaagiza mafundi walishushe bango Ijumaa mchana. Kivuli akatoka nje. Akaandika: “Wamesema Ijumaa mchana linashuka.” Alama zikaonyesha ujumbe umesomwa. Jibu halikuja. Akakaa kwenye ngazi za jengo akitazama kioo cha simu mpaka mlinzi akamuuliza kama anasubiri lifti ya kwenda chini zaidi.

* * *

Ijumaa alikwenda kusimama kwenye mzunguko. Mafundi wakapanda, wakaanza kulibandua bango vipande vipande. Kikatoka kitambaa cha kichwa, zikatoka pini za kwenye kola, ukaenda mdomo uliokuwa karibu kucheka. Yakabaki macho tu, na mafundi wakashuka kunywa maji.

Kivuli hakutarajia yaliyompata. Yeye aliyekuwa ametishia ofisi nzima ili kitu kile kishuke, akajikuta anawaombea mafundi kiu. Wakae kidogo. Wanywe tena. Kwani macho yale hayakuwa yamemtazama hivyo tangu siku ya lile takia, na nani alimwambia yatamtazama tena?

Mafundi wakarudi juu. Macho yakang'oka. Akaandika: “Limeshuka.”

Simu ikatetemeka hapo hapo.

“Naona. Niko ng'ambo ya barabara.”

Akainua kichwa. Kati ya magari yanayopita akamwona Pini, mdogo wa kawaida, amekumbatia mkoba kifuani. Akatanguliza mguu mmoja barabarani. Simu ikatetemeka tena.

“Usivuke.”

Akarudisha mguu.

“Watasema kampuni ilinichoka. Mimi nikisema hawaniamini. Kesho njoo ukumbini useme wewe.”

“Nitakuja. Pini, nimekumiss.”

Lori refu likapita. Lilipoondoka, ng'ambo hapakuwa na mtu.

* * *

Ukumbi wa shule ulijaa watu wazima waliokaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Mama yake Pini alikuwa mbele kabisa, khanga kaifunga kiunoni kama mtu aendaye kubishana. Pini alikaa kando yake, hakugeuka nyuma.

Kivuli akasimama. Akaeleza yote, tangu uongo wa mapazia hadi picha zilizotumwa bila kuchambuliwa. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama yeye.

“Subiri,” fundi viatu akadakia. “Kwa hiyo yale majumba waliyojenga juu ya vitanda vyetu, aliyewapigia picha ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Mazuri?”

“Kwenye picha.”

Wachache wakacheka, wengi wakaguna.

“Nyumba zenu zilizobomolewa nilizificha nyuma ya mapazia,” Kivuli akasema. “Na huyu dada nilimficha kazi ni ya nani. Aliponigundua aliondoka saa hiyo hiyo. Hakuna alichokula nao. Wa kulaumiwa ndiye huyu amesimama.”

“Hayo ni maneno tu,” fundi viatu akasema. “Picha ya kufutwa haikufutwa. Kwa nini?”

Kabla Kivuli hajajibu, mama yake Pini akaingilia.

“Baba, hebu nikuulize mimi. Binti yangu kwenye lile bango alikuwa anamtazama nani?”

“Mama,” Pini akanong'ona, “acha.”

“Nimelilia bango hilo wiki nzima, nina haki ya kuuliza. Mtoto huyu nimemzaa. Hatazami sebule vile. Alikuwa anamtazama nani?”

“Mimi, mama,” akasema Kivuli.

“Na wewe ulikuwa unafanya nini?”

“Nilikuwa napima taa, kama miaka yote.”

“Miaka yote hiyo?” fundi viatu akauliza kwa upole ambao haukuwa wake. “Unapima tu?”

Kicheko kilichopasuka pale kilitikisa madirisha. Watu waliokuwa hawajacheka tangu siku ya tingatinga walipiga madawati kwa viganja. Pini alijifunika uso, na kwa jinsi mabega yalivyokuwa yakiruka haikujulikana kama analia au anacheka. Mama yake akangoja kicheko kiishe, akasimama.

“Jumatatu nitasema,” aliwaambia. “Nitasema walikuja saa ngapi, na nani alisimama wapi, na aliyeniuliza mlango nitaufungulia wapi, nitamwonyesha kwa kidole.”

Fundi viatu akainuka, akambebea mama kiti alichokuja nacho mpaka nje. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi.

* * *

Wakili alitaka picha ya mlango. Ndiyo sababu Jumapili Kivuli alijikuta kwenye chumba cha kupanga cha mama yake Pini, anafungua miguu ya taa yake, wakati mlango wa bluu umeegemezwa ukutani bila kazi, bawaba zake bado zina vipande vya ukuta wa zamani.

“Unang'aa,” akasema. “Pale pembeni unarudisha mwanga wa taa. Inabidi nione mtu akikaa hapo.”

Pini, kwa mazoea, alikwishavuta kigoda. Akakaribia kukaa. Akasita.

“Leo kaa wewe.”

“Mimi?”

“Lete kamera.”

“Pini, mimi sijui kukaa.”

“Ndiyo ukae.”

Kivuli akampa. Akakaa mbele ya mlango, mikono hajui aiweke wapi, akaipeleka magotini, akaitoa, akairudisha. Pini akapiga goti moja sakafuni, kamera usoni, pini zake mbili zikimeta kwenye kola.

“Zungumza,” akasema kutoka nyuma ya kioo. “Ukinyamaza unakaa kama picha ya kitambulisho.”

“Nizungumze nini?”

“Lile uliloliandika ukiwa ng'ambo ya barabara lilikuwa jepesi. Magari yalikukinga. Sasa hapana magari.”

Nyuma ya pazia, mama yake Pini alikuwa akiosha vyombo. Maji yakaacha kumwagika.

“Ulipoondoka ulikuwa na haki,” Kivuli akaanza. “Niliitaka kazi ile nikajiambia hutajua. Nikakuuza kabla hata ya lile bango. Na kila siku niliyokwambia ukae nipime taa, taa ilikuwa imeshapimwa. Nilikuwa nimeshaipima asubuhi kabla hujafika.”

“Kila siku?”

“Kila siku. Nilikuwa nakukalisha nikutazame. Bila kioo niliogopa.”

“Kioo ninacho mimi.”

“Naona.” Mikono akaiacha magotini. “Nakupenda, Pini. Siombi urudi kazini. Na kazi yenyewe ni nyanya tu sasa hivi.”

Kamera ikalia, kidogo tu. Pini aliishusha, akaitazama picha kwa muda mrefu. Kivuli akainua shingo.

“Vipi, taa iko sawa?”

“Nyamaza kwanza.”

“Nionyeshe.”

“Hapana.” Akafuta chini ya jicho kwa kifundo cha mkono, akaendelea kutazama kile kioo kidogo, midomo ikianza kuelekea kule ilikokuwa inaelekea kwenye bango. “Kumbe na wewe unatazama hivi.”

“Utaifuta?”

“Thubutu kuigusa kamera hii.”

Maji yakaanza tena kumwagika nyuma ya pazia.

“Mkimaliza kupima taa,” mama akasema, “mlango wangu bado haujapigwa picha.”