Gololi Zilizopenda Dirisha

Kila jioni baada ya masomo, Kidoti alimngojea shangazi yake kazini, katika chumba chenye nyaya tele na feni zisizonyamaza. Shangazi alikuwa mtafiti wa chembe ndogo mno zinazounda vitu. Siku moja Kidoti alikuja na ubao wa majaribio, akausimamisha mezani. Kila gololi aliyoiachia juu yake ilishuka, ikagonga msumari wa katikati, ikaangukia kopo la kulia au la kushoto. Mwalimu alisema makopo yatalingana, na kesho yake angechagua mwanafunzi wa kwenda kwenye maonyesho ya sayansi. Kidoti aliitaka nafasi hiyo kwa udi na uvumba.

Lakini kopo la kulia, lililokuwa upande wa dirisha, lilijaa pomoni. La kushoto likabaki nusu. Akarudia, yakawa yale yale. Kichwa kikamzunguka. Alitazama huku na huku, akachota gololi za kulia, akazihamishia kushoto.

"Wee mtoto, unafanya nini?" shangazi aliuliza mlangoni.

"Nazisawazisha, shangazi. Zimekataa kulingana!"

Shangazi alicheka, akaketi. "Unachokificha wewe, sisi ndicho tunachotafuta. Kila chembe ina pacha aliye kinyume chake. Wakikutana, hutoweka wote. Ulimwengu ulipoanza, kama wangelingana idadi kabisa, wangemalizana, na mimi na wewe tusingekuwepo. Upande mmoja ulizidi kidogo. Kwa nini? Hatujui."

"Kumbe kutolingana ni kuzuri?" Kidoti alizidi kuchanganyikiwa. "Basi ubao wangu uko sawa?"

"Sijui. Huenda kifaa kinakuchezea. Sisi hugeuza sumaku ya mtambo wetu, tukapima upya. Tofauti ikihama, ni ya mtambo. Ikibaki, hapo ndipo mioyo hutudunda. Geuza wako."

Kidoti aliugeuza ubao, kushoto kukaelekea dirishani. Sasa kopo la kushoto ndilo lililofurika. Alikuna kichwa. Mbona tena dirishani? Akainama kuchungulia chini ya meza. Miguu ya upande huo ilikuwa mifupi!

Kesho yake alieleza yote darasani, hata gololi alizohamisha. Wenzake waliangua kicheko, naye akaona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Mwalimu hakucheka. Aliujaribu ubao juu ya meza yake mwenyewe, akaugeuza, akajaribu tena. Mara zote mbili gololi zilikimbilia kopo la upande wa mlango.

"Utakwenda wewe," alisema. "Jibu usilolitarajia usilinyooshe kwa mkono, tafuta limetoka wapi. Ungenyamaza, tungeendelea kudanganywa na meza." Kisha akapiga magoti kando ya mguu mfupi wa meza. "Haya, nani ana kipande cha boksi?"