Breki ya Valvu

Kila alasiri, Stumai alipotoka shule, alimwamkia bibi yake Damari, akafagia ua, kisha akakaa kumtazama baba yake Yeremia akiunda mashine ya kukuza sauti ya gitaa. Gitaa lilikuwa la baba mdogo Laurenti, aliyefariki masika yaliyopita. Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la mbao lenye valvu za redio kuukuu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka na kukuza sauti.

Siku moja Yeremia alikwenda dukani kwa Narendra, mjini Singida, kutafuta waya. Aliiacha mashine ikiwaka, akamwonya binti yake asiguse kitu. Lakini Stumai naye kwa kimbelembele! Aliona valvu zimepata joto, akataka kupunguza moto. Alishika skrubu ndogo akaizungusha mpaka mwisho, kama anavyoshusha utambi wa taa.

Valvu zikaiva nyekundu kama makaa. Spika ikaanza kuguna kwa sauti nzito ya kiume, na nyuzi za gitaa hakuna aliyezigusa. Bibi Damari akatoka jikoni polepole, macho yamemtoka.

"Nakuja, baba," aliitikia, kana kwamba mwanawe Laurenti anamwita.

Stumai alichomoa waya, akafyata ulimi, asimwambie mtu. Baba yake aliporudi na kuiwasha, mguno ukarudi vilevile. Alikagua nyaya zote, asiishuku skrubu, kwa kuwa aliiweka sawa mwenyewe. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba Laurenti anamwita mama yake. Bibi akakataa chakula, akatandika mkeka kando ya mashine, na kila ikiguna aliitikia.

Baada ya siku mbili, Stumai alipoona bibi hawezi hata kuinuka, akamfuata baba yake.

"Baba, skrubu niliizungusha mimi. Nilidhani napunguza moto."

Yeremia aliinama karibu na mashine. Alimweleza kuwa skrubu ile ni ya breki ya valvu, inayozuia umeme usipite kwa wingi. Ukiipunguza breki, moto ndio unapanda. Alichomoa waya, akasubiri umeme uliobaki ndani uishe, kisha akairudisha skrubu mahali pake na kuiungia kizuizi kidogo cha umeme, ili hata mtu akiizungusha mpaka mwisho, breki ibaki. Alipoiwasha tena, mashine ilinyamaza kimya.

"Kumbe si yeye?" bibi aliuliza.

"Si yeye, bibi. Nisamehe."

Bibi Damari alilia sana, mara ya kwanza tangu mazishi. Alipotulia aliomba uji wa mtama, akaunywa wote, kisha akamshika mjukuu wake mkono.

"Skrubu baba yako ameitengeneza mara moja," alisema. "Kunyamaza kwako ndiko kulikoniponza. Ukikosea, mjukuu wangu, sema upesi. Mimi nilikuwa nimeshafunga safari."