Kiungo cha Usukani wa Panzi

Jua lilikuwa bado halijachomoza, nasi tulikuwa tumeshayaacha mashamba ya michungwa, Panzi akiyumba juu ya tela nyuma ya pikapu. Mjomba Delfino Tafoya aliendesha huku akipiga mluzi. Katikati alikaa Eufemia, mpwa wake wa miaka kumi na tatu. Mimi, jirani yao, nilibanwa mlangoni na kapu la tamale, mikate ya mahindi yenye nyama, mapajani.

Panzi ni gari walilolitengeneza uani kwao kwa miaka miwili. Magurudumu yake ya mbele hayakushikwa na ekseli moja kama ya magari ya watu. Kila moja lilining'inia kwenye mguu wake, uliokatwa kwenye ndege mbovu ya vita. Sanduku la usukani lilikuwa la trekta, limelazwa ubavu, na fimbo yake ndefu ilipita nje ya mlango mpaka gurudumuni. Kiungo kilichoshika fimbo hiyo alikichomelea Eufemia mwenyewe.

"Leo tunawafunga watu midomo," Mjomba alisema. "Femia, mbona kimya? Jana ulikuwa kasuku."

"Usingizi, Mjomba."

Haukuwa usingizi.

Kwenye ziwa lililokauka, uwanja wa mashindano ya kasi, injini zilikuwa zinanguruma mpaka meno yanacheza. Tulipomshusha Panzi, mzee Haskell, mshindani wetu wa kila mwaka, akaja mbio kumtazama.

"Delfino, umeleta gari au mdudu?"

"Mdudu wa kukulisha vumbi, mzee."

Mkaguzi wa mashindano akajiingiza chini ya gari, akatikisa kila kitu. Kwenye kile kiungo akapapasa. "Laini kama yai. Nani kachomelea?"

"Huyu binti yangu," Mjomba akasema, kifua mbele.

Mkaguzi akabandika karatasi ya ruhusa kwenye kioo. Mjomba akaingia, akajifunga mkanda, akavaa kofia ngumu. Eufemia akaushika mlango kwa mikono miwili.

"Mjomba, shuka."

"Nini tena?"

"Kile kiungo nilikipiga tupa. Uliniambia mshono uachwe na matuta yake. Lakini ulikuwa mbaya, niliona watacheka. Nikausawazisha, yakatokea matundu, nikaziba kwa puti, nikapaka rangi."

Nyuma yetu mtu akapiga honi. "Vipi huko, mnasali?"

Mjomba alishuka. Akakwangua rangi kwa kisu, na puti ikadondoka vipande. Chini yake ulikuwepo ufa mwembamba kama unywele, umezunguka karibu kiungo chote. Mkaguzi akaibandua karatasi yake mwenyewe.

"Kwa nini hukusema jana?" Mjomba akauliza.

"Ungesema tusije."

"Kweli ningesema."

Haskell alikuwa amesimama pale pale, na safari hii hakutania. "Nina mashine ya kuchomelea kwenye lori. Mleteni huyo mdudu."

Mjomba alimpa Eufemia kinyago cha kuchomelea. "Kosa lako, mkono wako." Eufemia akakata chuma chote kibovu, akachomelea upya, polepole, tuta juu ya tuta, hakugusa tupa.

"Kibaya kama kovu," mkaguzi akasema, na akabandika karatasi nyingine. "Sasa ninaona ninachokikagua."

Alasiri Panzi akaondoka, Mjomba kitini. Miguu yake ikaruka, kila gurudumu kwa wakati wake, fimbo ikicheza nje ya mlango, na gari likaenda limenyooka kama uzi mpaka likawa vumbi tu. Eufemia alirukaruka hadi kiatu kikamtoka. Maili mia moja na kumi na mbili kwa saa.

Tulipokula tamale, Mjomba akamwambia, "Kupenda kusifiwa ni ugonjwa wa mafundi wote, hata mimi ninao. Lakini kunyamaza kwako kungenizika. Kazi yako ikiwa na kasoro, iseme kabla mtu hajakaa kitini."

Haskell alitushinda kwa maili tatu kwa saa. Mwaka uliofuata aliacha mashindano. Mjomba alimuuza Panzi akanunua lori la kubebea ndimu. Eufemia alichomelea katika kiwanda cha ndege kwa miaka thelathini na moja, na mishono yake yote ina matuta. Mimi nilihama.