Kidonge cha Kitinda

Kila asubuhi mama alianza na Kitinda, mwanawe wa mwisho. Dada yake alikuwa ameshadeki na kuosha vyombo, wala hakuna aliyemwambia hata ahsante. Kitinda ndiye aliyeshikwa kidevu, akapewa kidonge na maji. "Meza, baba. Umelala salama?"

Dada alijawa na wivu hasa. Mtoto hafagii, hatumwi dukani, akikohoa tu nyumba nzima inasimama! Alijiambia kwamba dawa zile zilikuwa kisingizio cha kudekezwa.

Basi mama alipopangiwa zamu ya alfajiri kiwandani, kazi ya kumpa Kitinda kidonge ikamwangukia Dada. Akavificha vidonge ndani ya kiatu kikuukuu. "Umeshapona wewe," alimwambia. "Acha kudeka!" Kitinda alimwamini, akafurahi.

Siku ya pili yake alitapika. Mama aliporudi kutoka kazini alimkuta amelegea mlangoni, akiitwa haitiki. Akambeba mbio hadi hospitali, Dada nyuma yao, moyo ukimdunda.

"Huenda ni malaria, tumpime," alisema daktari. "Dawa zake anameza?"

"Kila siku," mama akajibu.

Dada alitamani ardhi ipasuke immeze. Akinyamaza, nani atajua? Akamtazama Kitinda pale kitandani. "Hajameza tangu jana!" alipiga kelele. "Vidonge nilivificha mimi!"

Daktari hakupoteza muda. Alimdunga Kitinda sindano ya dawa aliyoikosa, akamtundikia maji. Baadaye mtoto alifumbua macho, akauliza, "Dada yuko wapi?" Dada akaangua kilio.

Daktari alimketisha kando. "Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Tezi hizo huchukua kolesteroli, ambayo ni aina ya mafuta, na kutengeneza homoni iitwayo kotisoli. Ukiugua au ukiogopa, homoni hiyo huongezeka ili sukari na msukumo wa damu visishuke. Moyo wako ulipodunda, tezi zako zilikuwa kazini. Za mdogo wako haziwezi. Kotisoli yake ni kile kidonge."

"Kumbe nilikuwa namwonea wivu..." Dada alisema, akijifuta machozi.

"Ulimwonea wivu mtu aliyekosa kitu ambacho wewe unacho bure," daktari alisema. "Ulikosea vibaya, mwanangu. Wivu ukikushika, mwambie mama yako, usimwadhibu mdogo wako. Lakini ungetuficha na ukweli, saa hizi tungekuwa bado tunatafuta malaria, na yeye asingekuwa anakuita."